Wadudu Waharibifu wa Mimea ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuwatambua

Mmea uliomo ndani ya nyumba haunyeshewi mvua ya kuosha majani yake, wala haufikiwi kwa urahisi na buibui, nyigu na ndege ambao nje hupunguza wadudu, hivyo jike mmoja tu aliyeingia na mmea mpya anaweza kuacha uzao mkubwa kabla mwenye nyumba hajagundua lolote. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi kutambua kuliko kutibu, kwa kuwa dawa inayowafaa vidukari haiwagusi mabuu yaliyomo kwenye udongo, na zipo dawa za kuua wadudu ambazo huufanya utitiri uongezeke badala ya kupungua.

Nianze kutazama wapi ninapohisi kwamba mmea wangu una wadudu?

Anza upande wa chini wa majani. Wengi wa wadudu wanaofyonza utomvu hukaa huko, mahali ambapo jua haliwakaushi, nao hupendelea kukaa karibu na mshipa mkuu wa jani. Kisha tazama machipukizi, kwa sababu majani machanga ni laini na utomvu wake una lishe zaidi. Halafu makwapa, yaani pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Halafu uso wa udongo, ukingo wa chungu na kisahani kilicho chini yake. Ikiwa mmea ni mdogo na mizizi yake imeshikamana vizuri na udongo, utoe chunguni uitazame mizizi pia.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kioo cha kukuzia, hasa kile kinachokuza mara 10, simu yenye kamera nzuri, na karatasi nyeupe. Weka karatasi chini ya tawi, ligonge tawi mara mbili au tatu kwa kidole, kisha subiri kidogo. Vumbi litabaki pale lilipoanguka, lakini utitiri na thiripi, viumbe wadogo mno wanaoelezwa hapa chini, wataanza kutembea. Kazi hii ifanyike mchana karibu na dirisha, kwani taa ya chumba peke yake huficha mengi.

Majani yananata, na hata meza iliyo chini ya chungu inanata, lakini sioni mdudu yeyote. Sababu ni nini?

Utomvu wa mmea una sukari nyingi na protini kidogo, hivyo mdudu anayeufyonza hulazimika kunywa kiasi kikubwa ili apate protini ya kumtosha, na sukari iliyozidi huitoa nyuma kwa matone. Matone hayo matamu huangukia majani ya chini, meza na sakafu. Kwa sababu hiyo mdudu hatafutwi kwenye jani linalonata, bali kwenye jani au tawi lililo juu yake.

Unato huu ni ushahidi mzuri kwa sababu hautolewi na wote. Vidukari, inzi weupe, vidung'ata na wadudu gamba wa aina laini, ambao wote wanaelezwa hapa chini, hutoa maji hayo matamu. Utitiri, thiripi na wadudu gamba wa aina ngumu hawayatoi. Ukikuta majani makavu yasiyonata ingawa yamepauka, tayari umeondoa nusu ya washukiwa.

Baada ya muda, juu ya maji hayo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Ukungu huo hauli mmea. Hula sukari tu, na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Madhara yake ni kwamba huzuia mwanga kulifikia jani, na utarudi kila unapoufuta endapo anayetoa sukari bado yupo.

Tahadhari moja: si kila tone ni la mdudu. Mani planti na jamaa zake hutoa matone ya maji kwenye ncha za majani asubuhi baada ya kumwagiliwa sana, na matone hayo hayanati hata kidogo. Orkidi nazo huweza kutoa matone matamu kwenye vikonyo vya maua bila mdudu wowote kuhusika.

Kuna kitu cheupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Je, ni ukungu au ni mdudu?

Katika nyumba zetu, mara nyingi ni vidung'ata, ambao wakulima na wauza maua wengine huwaita milibagi. Jike ana umbo la yai lililobapa, urefu wa milimita 3 hadi 4, mwili wake umefunikwa na nta nyeupe, na pembezoni ana nyuzi fupi za nta zilizopangika. Hana mabawa. Anatembea polepole sana, na wengine hawasogei kwa siku nyingi. Jike wa aina nyingi hutaga mayai kwa mamia ndani ya mfuko wa nyuzi nyeupe, na mfuko huo ndio watu wanaoudhani kuwa kipande cha pamba. Lakini aina yenye mikia mirefu ya nta huzaa watoto walio hai, hivyo kukosekana kwa mfuko si uthibitisho kwamba hayupo.

Ili kumtofautisha na ukungu, gusa kwa ncha ya kijiti. Ukungu unga hutandaa bapa, zaidi juu ya jani, na ukisuguliwa hupotea kuwa vumbi. Kidung'ata ana mwili chini ya nta: ukimbonyeza hutoa majimaji ya manjano au ya waridi, na kwa kioo cha kukuzia utaiona miguu yake. Nyeupe iliyo kwenye udongo au kwenye ukingo wa chungu cha udongo mara nyingi ni chumvi tu, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima. Hiyo ni ngumu, hukwaruzika, na huyeyuka kidogo katika maji yenye siki.

Kuna pia vidung'ata wa mizizini, ambao huwezi kuwaona mpaka umetoa mmea chunguni. Dalili ya juu ni mmea uliodumaa na unaonyauka ingawa udongo una unyevu. Dalili ya chini ni unga mweupe kwenye mizizi na upande wa ndani wa chungu. Wanaofuga mishubiri, dungusi kakati na zambarau za Afrika (maua ya chungu yenye majani ya manyoya, si mti wa zambarau) wasiache kutazama mizizi, kwani mimea hiyo hushambuliwa huko mara nyingi.

Wakulima wa muhogo wanamfahamu ndugu wa mdudu huyu kwa uchungu. Kidung'ata wa muhogo, aliyetoka Amerika ya Kusini, aliingia katika nchi za Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea katika eneo kubwa la Afrika, mpaka nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay alipoachiliwa kuanzia 1981 na kumdhibiti. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ndani ya nyumba nyigu wa namna hiyo hawaingii, na ndiyo maana vidung'ata huonekana sugu zaidi sebuleni kuliko bustanini.

Vidukari hutambulikaje?

Hawa ni rahisi. Hujikusanya kwa makundi kwenye ncha za machipukizi na vikonyo vya maua, wana mwili laini wa milimita 1 hadi 3, na rangi yao inaweza kuwa ya kijani, nyeusi, ya manjano au ya kahawia. Alama isiyokosewa ni vijirija viwili vinavyochomoza nyuma ya mgongo, kimoja kila upande, vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia. Utaona pia ngozi nyeupe tupu zimetapakaa kwenye majani. Hizo ni magamba waliyojivua walipokuwa wakikua, na watu wengi huzidhani kuwa mdudu mwingine mweupe.

Katika joto la ukanda wetu, majike huzaa bila kupandwa na huzaa watoto walio hai, hivyo kundi hukua upesi mno. Likisongamana, huzaliwa wenye mabawa wanaohamia mmea mwingine. Mwaridi, mhibiskasi na mpilipili uliopandwa kwenye kopo ni mimea wanayoipenda.

Nikiutikisa mmea, vitu vyeupe huruka kisha hutua tena. Hao ni akina nani?

Ni inzi weupe. Kwa jina ni inzi, lakini kwa asili wako karibu zaidi na vidukari. Mdudu mzima ana urefu wa milimita 1 hadi 2, mabawa yake yamepakwa nta nyeupe, na huruka papo hapo anaposumbuliwa. Wanaoumiza mmea zaidi, hata hivyo, ni tunutu wake, yaani watoto wasiokomaa, waliobandikwa chini ya jani, bapa, wenye rangi ya manjano iliyofifia, ambao hawaruki na ambao watu hawawatazami. Anayepulizia dawa juu ya majani na kuwaona waliokomaa wakitoweka hujidanganya, maana baada ya siku chache tunutu watakuwa wamekomaa.

Ukikuta upande wa chini wa jani umechorwa mizunguko ya nta nyeupe, huyo ni inzi mweupe wa mizunguko, ambaye hutaga mayai yake kwenye michoro hiyo. Hupatikana sana kwenye mipera na mimea ya mapambo yenye majani mapana.

Mwenye mboga kwenye vyungu awe mwangalifu zaidi kuliko mwenye maua, kwa kuwa inzi weupe hubeba virusi. Ugonjwa wa batobato la muhogo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika eneo ambalo sasa ni Tanzania, huenezwa na inzi mweupe wa jamii ya Bemisia tabaci, na mdudu huyohuyo hueneza virusi vya kukunjamana kwa majani ya nyanya.

Shina lina vinundu vya kahawia visivyosogea. Je, ni sehemu ya mmea?

Jaribu kwa ukucha. Kinundu cha mmea hakitoki bila kujeruhi ganda. Mdudu gamba hubanduka mzima na kuacha shina likiwa salama. Kuna makundi mawili makubwa. Wadudu gamba laini, wenye milimita 2 hadi 5, ngozi ya mgongo wao ndiyo gamba lenyewe, nao hutoa maji matamu. Wadudu gamba wagumu ni wadogo zaidi, gamba lao ni kifuniko kilichotengana na mwili, na ukikibandua utamkuta mdudu mdogo wa manjano chini yake. Hawa hawanati, lakini huacha madoa ya manjano kwenye jani pale walipofyonza.

Mdudu gamba hutembea katika siku zake za kwanza tu, akiwa mtoto mdogo sana, kisha huingiza mdomo wake katika mmea na kubaki palepale, jike kwa kawaida hadi kufa. Hata akifa haanguki, na jambo hili huwachanganya wengi: wiki nyingi baada ya tiba iliyofaulu, mmea bado unaonekana umejaa. Bonyeza machache kwa kucha. Yakitoa majimaji, kazi haijaisha. Yakiwa makavu na matupu, yasugue kwa mswaki laini tu.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni la wenye kangaga. Vidoa vya kahawia vilivyo chini ya majani ya kangaga huwa ni vifuko vya mbegu zake za unga, si wadudu. Vifuko hivyo hupangika kwa mistari, kwa nafasi na ukubwa unaolingana, pande zote mbili za mshipa. Wadudu gamba hawana mpangilio, na hupanda mpaka kwenye shina, ambako vifuko havioti. Kangaga nyingi zenye afya zimenyunyiziwa dawa, na nyingine zimetupwa, kwa kosa hili.

Majani yamepauka na yana vidoa vidogo mno vya njano. Mdudu haonekani kabisa.

Shuku utitiri. Kwa usahihi wa elimu ya viumbe, utitiri si mdudu, kwa kuwa aliyekomaa ana miguu 8 na yumo katika kundi la buibui, lakini kwa mwenye nyumba hukaa katika orodha hiihii. Urefu wake ni takriban nusu milimita. Hutoboa seli za jani moja moja na kunyonya kilichomo, na kila seli iliyokufa huwa kidoa cheupe au cha manjano. Vidoa vikizidi, jani lote huonekana limepauka kama kitambaa kilichoachwa juani, kisha hugeuka kahawia na kudondoka.

Fanya jaribio la karatasi nyeupe lililoelezwa hapo juu. Chembe zinazotembea zikisuguliwa kwa kidole huacha mstari wa kijani iliyokolea au wa kahawia nyekundu. Utando mwembamba kati ya majani na vikonyo huonekana baadaye, na ukiuona ujue shambulio limekomaa. Usiuchanganye na utando wa buibui wa kawaida, ambaye hujenga mtego mkubwa wenye nafasi na hakuna vidoa kwenye majani yake. Buibui huyo mwache, ni msaidizi.

Utitiri hustawi katika joto na ukavu. Kwa nyuzijoto 30, unaweza kutoka yai hadi kukomaa kwa muda unaokaribia wiki moja. Pwani huzidi wakati wa kaskazi, na katika ofisi zenye kiyoyozi huweza kuzidi mwaka mzima kwa sababu hewa inayotoka mle ni kavu. Vumbi la barabara linalotulia kwenye majani nalo huusaidia, hivyo kufuta majani kwa kitambaa chenye maji kila wiki ni kinga na pia ni ukaguzi.

Majani yana mabaka ya rangi ya fedha na vidoa vyeusi vinavyong'aa. Huyo ni nani?

Thiripi. Ni wadudu wembamba wenye milimita 1 hadi 2, wenye rangi ya manjano, kahawia au nyeusi, na mabawa yao yana nywele ndefu pembezoni. Hukwangua ngozi ya jani na kunyonya. Hewa inayoingia katika seli tupu ndiyo inayolipa jani rangi ya fedha, na vidoa vyeusi ni kinyesi chao. Alama hizo mbili zikiwa pamoja, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Machipukizi yaliyopinda na maua yenye kingo za kahawia huongeza uhakika. Maua uyapulizie pumzi kwa nguvu juu ya karatasi nyeupe, nao watatoka.

Ugumu wao uko katika mzunguko wa maisha. Mayai huingizwa ndani ya nyama ya jani, ambako dawa ya kugusa haifiki, na wengi hushuka kwenye udongo kupitia hatua ya bundo, yaani ya kutulia bila kula, kabla ya kupata mabawa. Kwa hiyo tiba ya mara moja huonekana imefaulu, halafu baada ya wiki mbili wanarudi. Wakulima wa mawaridi wa Naivasha hupambana nao kila siku kwa sababu shehena ya maua yenye thiripi inaweza kukataliwa inakopelekwa. Mwenye chungu kimoja cha maua sebuleni asijione mzembe.

Vijinzi vidogo vyeusi huruka kila ninapomwagilia. Je, vinaua mmea?

Mara chache. Hivi ni vijinzi vya udongo, vyenye milimita 2 hadi 4, vyenye miguu mirefu, vinavyoruka kwa kuyumba na kupenda kukimbia juu ya udongo. Vizima havili mmea. Mabuu yao, meupe yenye kichwa cheusi kinachong'aa, huishi katika tabaka la juu la udongo na hula ukungu na mabaki yanayooza. Yakiwa mengi huweza kula mizizi midogo, jambo linaloumiza miche na vipandikizi kuliko mmea mkubwa.

Ili kuhakikisha, laza kipande cha kiazi mviringo kibichi juu ya udongo kwa siku mbili au tatu, kisha kifunue: mabuu hupanda kukila na utayaona chini yake. Mtego wa gundi wa manjano ukiwekwa karibu na udongo hunasa vizima. Dawa halisi ni kuacha sentimita chache za juu za udongo zikauke kabla ya kumwagilia tena, na kumwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Masika ndiyo majira yao.

Usiwachanganye na inzi wa matunda, ambao wana macho mekundu na hufuata ndizi zilizoiva jikoni, wala na vidudu vyeupe vinavyoruka kama viroboto juu ya udongo uliolowa, ambavyo hula mabaki tu na havina madhara.

Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Je, wanakula mmea?

Hapana, lakini usiwapuuze. Sisimizi hufuata maji matamu, na kwa malipo hayo huwalinda wanaoyatoa dhidi ya maadui. Fuata msafara wao mpaka unapoishia. Hapo utakuta vidukari, vidung'ata au wadudu gamba ambao pengine ungewatafuta kwa muda mrefu. Watu wa pwani wanamjua majimoto, anayesifiwa kwenye minazi kwa kuwafukuza wadudu wanaoharibu nazi changa, lakini majimoto huyohuyo huwatunza wadudu gamba. Kwenye mdimu wa barazani hana faida.

Majani yana mashimo. Wadudu uliowataja hawatoboi. Nitafute nini?

Tafuta viwavi, panzi, mbawakawa au konokono. Kinyesi cha viwavi ni chembe za mviringo za kijani au nyeusi zinazodondoka kwenye majani ya chini, na konokono huacha njia ya ute inayong'aa. Kwenye mlimau na mdimu wa chungu, angalia kinyesi cha ndege kilichoganda juu ya jani: mara nyingi ni kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa, ambaye hufanana nacho ili asiliwe. Ukimgusa hutokeza pembe mbili laini zenye harufu kali. Mtoe kwa mkono. Michoro myembamba inayopindapinda ndani ya jani, kwa upande wake, ni kazi ya mabuu ya vidomozi, nayo huumiza macho ya mwenye mmea kuliko mmea wenyewe.

Nina zambarau ya Afrika na mshubiri. Je, ina matatizo yake yenyewe?

Ndiyo. Zambarau ya Afrika, ambayo asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya, ikiwemo Usambara, ilipata umaarufu baada ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire kuituma Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Leo inarudi kwetu ikiwa mmea wa duka, mara nyingine na utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho wala kwa kioo cha kawaida. Utautambua kwa dalili pekee: majani ya katikati hudumaa, hukunjamana, hukakamaa na kuonekana yenye nywele nyingi kupita kiasi, ilhali ya nje ni mazuri. Mmea wa namna hiyo utenge, na kwa maoni yangu utupwe, kwa sababu mikono na vifaa huueneza utitiri huo upesi.

Mshubiri nao una utitiri wake, unaousababisha kuota uvimbe wa ovyo kwenye majani na kwenye kikonyo cha ua. Kata sehemu iliyovimba mpaka kwenye nyama safi, na usitumie kisu hicho kwa mwingine kabla ya kukisafisha kwa spiriti.

Kuna vitu gani watu hudhani ni wadudu kumbe si wao?

Chembe nyeupe nyepesi kwenye udongo wa duka ni mawe yaliyopashwa moto ili kuupa udongo nafasi za hewa. Vidonge vya mviringo vya manjano au kijani, ambavyo vikibonyezwa hutoa maji, ni mbolea inayoyeyuka polepole, si mayai. Vinundu vigumu vya rangi ya kahawia chini ya jani, visivyobanduka, mara nyingi hutokana na kumwagilia kupita kiasi. Ncha zilizokauka ni ishara ya chumvi au ukavu, na mabaka makubwa makavu upande wa dirisha ni jua. Kanuni yangu ni kwamba dalili iliyo kwenye upande mmoja tu wa mmea, au kwenye ncha zote kwa usawa, ichunguzwe kwanza kwa upande wa maji na mwanga.

Je, kuna wadudu wa kuachwa?

Wapo. Mdudu-kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye madoa, hula vidukari, na mabuu yake marefu yenye rangi nyeusi na machungwa huuawa na watu wanaoyaogopa kwa sura. Kuna aina ambayo mabuu yake yamevaa nyuzi nyeupe za nta na hufanana sana na vidung'ata anaowala. Tofauti ni kwamba ni makubwa zaidi na hutembea upesi. Vidukari waliovimba, wakavu na wenye rangi ya dhahabu au kahawia wamekwisha kutagiwa na nyigu mdogo ndani yao. Waache palepale.

Nikishamtambua, naweza kupulizia dawa ya mbu?

Usifanye hivyo. Dawa za mbu za kopo zina vimiminika vinavyounguza majani, na viambato vyake vingi huwaua maadui wa utitiri huku vikiuacha utitiri wenyewe. Kwa vidukari, inzi weupe, thiripi na utitiri, osha mmea kwanza kwa maji, ukielekeza chini ya majani, kisha tumia sabuni ya maji, mililita 5 hadi 10 kwa lita moja ya maji, bila sabuni ya unga. Jaribu jani moja na usubiri siku mbili. Pulizia jioni, lowanisha pande zote, na urudie kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa mara tatu angalau, kwani sabuni huua kwa kugusa tu na ikikauka haina nguvu. Vidung'ata na wadudu gamba waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, mbali na jiko, lakini usiiweke kwenye majani yenye manyoya kama ya zambarau ya Afrika. Mafuta ya mwarobaini husaidia pia, ingawa harufu yake sebuleni si ya kila mtu.

Ukihitaji kiuatilifu, nunua kilichosajiliwa na chenye lebo inayotaja mimea ya ndani au ya mapambo, usikubali kilichopimwa kwenye chupa ya soda.

Mmea mpya niutenge kwa muda gani?

Wiki mbili hadi tatu katika chumba kingine, ukiukagua kila baada ya siku chache. Muda huo unatosha mayai ya wengi kuanguliwa na dalili kuonekana. Maua yaliyokatwa kwa ajili ya chombo cha mezani nayo huleta thiripi na vidukari, kwa hiyo yasikae karibu na mimea yako.

Nimeshindwa kumtambua. Nimpelekee mtaalamu kitu gani?

Mpelekee afisa ugani au muuza pembejeo picha tatu: mmea mzima, jani lililoathirika juu na chini, na mdudu mwenyewe kwa karibu, akiwa kando ya rula ili ukubwa ujulikane. Kamera ya simu ikishindwa kumkaribia, weka kioo cha kukuzia mbele ya lenzi yake. Ukipeleka jani, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuliondoa kwenye chumba, na useme mmea ulinunuliwa wapi, unamwagiliwa mara ngapi na umepuliziwa nini tayari.